Nilimshuku dereva bure: jinsi nilivyojua Land Cruiser yangu inakula mafuta kiasi gani

Mwaka 2022, dizeli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, ndipo nilipoanza kusoma risiti za mafuta moja moja. Kabla ya hapo nilikuwa nazikunja tu na kuzitupia kwenye droo. Mimi nafunga pampu za maji vijijini, makao yangu ni Njombe, na kazi yote inabebwa na Land Cruiser pikapu moja, ile ambayo watu wanaiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo. Injini ni 1HZ: silinda sita, cc 4,164, dizeli isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), pampu ya mafuta ya kizamani isiyojua kompyuta. Haifi kirahisi. Ila kwenye dashibodi hakuna kitu cha kukuambia umetumia mafuta kiasi gani. Una mshale wa tangi na imani yako kwa dereva.

Imani ikaanza kuyumba. Kwa hesabu zangu gari lilikuwa linatembea chini ya kilomita sita kwa lita, wakati jamaa yangu mwenye gari kama hilo alikuwa anajisifu kwa nane. Dereva wangu ni mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, namwita kaka, na sikuwa na ujasiri wa kumwuliza usoni kama anachota mafuta. Badala yake nikalipeleka gari kwa fundi. Fundi akasema ni nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Zikafunguliwa, zikasafishwa, nikalipa, na gari likaendelea kula vilevile. Nozeli mbovu kwa kawaida hutoa moshi mweusi; langu lilikuwa halitoi hata kidogo, na hilo pekee lingetosha kunizindua kabla sijatoa hela.

Basi nikaamua kupima mwenyewe. Safari yetu ya kawaida ni Njombe hadi Iringa kupitia Makambako na Mafinga, halafu kurudi. Nikajaza tangi, nikaandika odomita, tukaenda, tukarudi, nikajaza tena kwenye kituo kilekile, pampu ileile, gari limesimama palepale. Hapo pana mtego ambao wengi hawaujui: dizeli ina povu. Mkono wa pampu unajikata povu likigusa juu, kumbe tangi bado lina nafasi ya lita kadhaa. Unasubiri povu litulie, unaongeza taratibu, linapanda tena, unasubiri tena. Kijana wa kituo atakuchukia. Mvumilie, kwa sababu lita tano za povu zinatosha kumfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi.

Lita 76. Odomita ilisema kilomita 452, yaani 5.9 kwa lita. Lakini nilikuwa nimewasha simu ipime njia nzima, na simu ikasema 470. Nilikaa kwenye gari nikizitazama namba hizo mbili mpaka nikakumbuka matairi. Mwaka uliotangulia nilivua yale membamba ya 7.50R16 nikaweka mapana ya 285/75, ambayo pia ni marefu zaidi. Tairi refu likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na odomita haijui hilo. Kumbe gari lilikuwa linatembea 6.2. Bado ni baya, ila sehemu ya upotevu niliyokuwa nikimhesabia kaka wa watu ilikuwa haipo kabisa. (Na wewe mwenye matairi kama hayo, ukiona mshale uko 50 kijijini, jua unakwenda 52. Askari wa tochi hatasikiliza habari za matairi.)

Kuanzia hapo nikabadilisha kitu kimoja kila safari, njia ileile, mzigo uleule wa zana na betri. Ya kwanza kukaguliwa ilikuwa miguu ya gari. Habu za mbele, zile zinazounganisha magurudumu na ekseli ya mbele ukitaka yote manne yavute, zilikuwa zimefungwa tangu mvua zilipoanza, kwa hiyo lami yote gari lilikuwa linazungusha ekseli ya mbele na difu yake bila faida yoyote. Upepo wa matairi nao ulikuwa PSI 28 na 30. Nikafungua habu, nikaweka 35 mbele na 45 nyuma. Lita 72.

Safari ya tatu nikavua karia. Tuna karia kubwa ya chuma juu ya kebini kwa ajili ya mabomba ya mita sita, na ilikuwa inakaa pale mwaka mzima, siku ya mabomba na siku isiyo ya mabomba. Ina wavu, ina taa nne, ina jeri mbili za maji ambazo hakuna aliyekumbuka nani aliziweka. Nati nane tu, dakika ishirini. Lita 66! Sikuamini, nikarudia wiki iliyofuata, ikawa 67. Uso wa gari hili tayari ni kama mlango wa kabati, halafu juu yake unafunga kabati la pili.

Safari ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu ilimhusu mtu na si chuma. Kati ya Mafinga na Iringa tulizoea kwenda 105 hadi 110. Nikamwomba kaka asipite 80. Ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya upepo inayolizuia gari inakaribia kuwa maradufu, na injini isiyo na tabo, kwenye nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, inalazimika kukandamizwa hadi chini ili kuishinda. Alinuna. Mabasi yalitupita, malori yalitupita, pale Nyololo tukapitwa na Noah iliyojaa mikungu ya ndizi. Tulichelewa kama saa moja kwenda na kurudi. Lita 58, sawa na kilomita 8.1 kwa lita.

Jioni ile nilimwambia ukweli kwamba nilikuwa namshuku.

"Nilijua bosi," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakuletea mpaka risiti za maji ya kunywa."

Lita 18 kwa safari, na tunakwenda karibu kila wiki. Karia sasa inaning'inia stoo na inapanda juu siku ya mabomba tu. Daftari anashika yeye, na Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya, ndiye anayenipigia simu kuniambia safari ijayo itagharimu ngapi. Kasi tumeelewana 85, maana 80 aliikataa kabisa. Njia ya vumbi ya kwenda Lupembe na mzigo kamili wa mabomba bado ni 5.7, nimejaribu kila kitu, na huko nimeshaacha kupima.