DeLorean ya sinema: nilivyoipa bodi sura ya chuma cha pua bila klia

Ushauri wa kwanza anaopewa mtu yeyote anayetaka kuunganisha modeli ya DeLorean, gari la kusafiri katika wakati la filamu ya Back to the Future, ni huu: piga rangi ya fedha, malizia na klia (rangi angavu ya kumalizia) ing'ae. Unanikera ushauri huu, kwa sababu unafuta kitu kinacholitofautisha gari hilo na magari mengine yote ya sinema. DMC-12, yaani DeLorean halisi, zilizotengenezwa Dunmurry, Ireland ya Kaskazini, kuanzia 1981, ziliondoka kiwandani bila rangi. Paneli zake za nje ni chuma cha pua kitupu, kilichosuguliwa kikabaki na mistari myembamba inayofuata mwelekeo mmoja. Ukikifunika kwa klia unapata gari la kawaida la rangi ya fedha lililobebeshwa mabomba. Bodi ya modeli yangu haina tone la klia, na najivunia hilo kuliko taa na nyaya zote nilizoweka.

Kabla ya kukata kipande chochote, amua unajenga gari la sehemu gani ya hadithi. Filamu ya kwanza ni ya 1985, ya pili 1989, ya tatu 1990, na gari linabadilika kila mara. Mgongoni mwanzoni kuna mtambo wa nyuklia, ambao kitako chake kilitokana na kifuniko cha rimu ya Dodge Polara. Mwishoni mwa filamu ya kwanza unakuja Mr. Fusion, mtambo mdogo wa nishati unaochukua nafasi yake, uliotengenezwa kwa mashine ya Krups ya kusagia kahawa. Ndoano ndefu ya kudakia umeme wa radi ni ya tukio la mnara wa saa tu. Kwa hiyo ndoano na Mr. Fusion havikai kwenye gari moja, hata kama kwenye sanduku lako vipande vyote viwili vipo. Mimi nilichagua gari la mtambo wa nyuklia, bila ndoano. Picha za kufuata ni za gari halisi la filamu lililokarabatiwa, lililo kwenye jumba la makumbusho la Petersen, Los Angeles. Achana na picha za magari yaliyojengwa na mashabiki, maana kila mmoja ana mpangilio wake wa nyaya, na ukichanganya mawili matatu utaishia na bomba lisilotoka popote.

Sasa bodi. Kila rangi niliijaribu kwanza kwenye vijiko vya plastiki, kwa sababu mgongo wa kijiko una mbinuko unaoonyesha mng'ao kama boneti inavyouonyesha. Kijiko cha kwanza kilifuata ule ushauri wa fedha na klia. Kabla ya klia kilikuwa na dalili ya chuma. Baada ya klia kikawa kijivu chenye unyevunyevu. Sababu yake inaeleweka. Rangi ya chuma inang'aa kwa vipande vidogo vya madini vilivyolala bapa juu ya uso. Thina iliyo kwenye klia inavilainisha na kuviinua, na tabaka la juu linaanza kurudisha mwanga lenyewe kabla haujafika kwenye madini. Jicho linaona kioo, halioni chuma.

Kijiko cha pili kilifuata ushauri mwingine unaosifiwa sana: kwaruza plastiki kwa msasa namba 600 kwa mwelekeo mmoja, kisha piga rangi juu. Kwa mbali kinavutia. Kwa karibu ni aibu, na hesabu inaeleza kwa nini. Chembe za msasa wa namba 600 zina upana wa takriban maikroni 26. Kwenye skeli ya 1/24, yaani modeli iliyo ndogo mara 24 kuliko gari, huo ni mkwaruzo wenye upana wa zaidi ya nusu milimita kwenye gari halisi, yaani alama ya reki. Namba 2000 ina chembe za maikroni 10 hivi, sawa na robo milimita, na hapo ndipo jicho linaanza kuamini. Lakini mikwaruzo ya namba 2000 kwenye plastiki tupu inazibwa na praima, rangi ya kwanza ya msingi. Kwa hiyo mistari lazima ije juu ya rangi, isiwe chini yake.

Kijiko kilichoshinda kilienda hivi. Praima ya kijivu cheusi, ikikauka kabisa inalainishwa kwa msasa wa maji namba 2000 hadi isiwe na punje. Msingi mweusi unaong'aa kama kioo, ambao wengi wanausisitiza, ni wa kromu. Chuma kilichosuguliwa hakiuhitaji, na kazi yake kubwa itakuwa kukuonyesha kila vumbi. Juu ya praima nilipuliza laka ya rangi ya chuma kwa brashi ya hewa, presha kati ya psi 12 na 15, pua ikiwa sentimita tano hadi nane kutoka kwenye bodi. Ni tabaka nyembamba kama ukungu, na kati ya moja na nyingine unasubiri dakika chache. Usijaribu kufunika kwa mara moja. Rangi ikilowa, madini yanaogelea na kukusanyika kwenye kingo za paneli.

Halafu unga wa penseli. Nilisugua risasi ya penseli ya 2B kwenye kipande cha msasa hadi nikapata unga mweusi kiasi cha nusu kijiko cha chai, kiasi kinachotosha modeli kadhaa. Ukanda mwembamba wa sponji ngumu unachovya ungani, unaukung'uta vizuri, kisha unauburuta juu ya paneli toka mbele kwenda nyuma, kwa mkono mmoja usiopinda, bila kurudi. Ukirudi nyuma au ukizungusha, mistari inakuwa mawingu. Kwa ubavuni nilibandika tepu ukingoni ikawa reli ya kuongoza kidole. Unga unaingia kwenye mabonde madogo ya laka, unakaza rangi, unaacha mistari hafifu inayoonekana mwanga ukija kwa pembeni na kupotea ukija kwa mbele. Chuma cha pua halisi kinafanya hivyohivyo. Ukimaliza, pangusa kwa kitambaa cha pamba, kwa mwelekeo uleule.

Fanya paneli moja moja. Mlango, fenda na boneti kila kimoja kifunikiwe jirani zake, maana kwenye gari halisi kila paneli imesuguliwa peke yake na inashika mwanga tofauti kidogo. Tepu ibandike kwanza mgongoni mwa mkono wako ipunguze nguvu ya gundi, la sivyo itang'oka na laka. Kuanzia hapo bodi inashikwa kwa glavu za pamba tu, maana alama ya kidole chenye mafuta haitoki bila kuondoka na unga.

Jambo ambalo maelekezo mengi yanaliruka: bampa za mbele na nyuma za DMC-12 si chuma. Ni poliyurethani iliyopakwa rangi ya kijivu ili ifanane na bodi, na haifanani kabisa. Zipige kijivu chenye mng'ao hafifu, bila madini wala unga wa penseli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoifanya bodi ionekane chuma, kwa sababu jicho linapata cha kulinganishia. Chesisi nayo si nyeusi, kwani ilifunikwa kwa epoksi ya kijivu. Na matairi hayalingani: mbele rimu ni inchi 14, nyuma 15. Yapange mezani kabla hujayabandika.

Milango inayofunguka juu ndiyo inayomaliza subira ya watu. Ijaribishe kabla ya rangi, tena kwa kukumbuka kwamba praima na laka zinaongeza unene kwenye kingo zote mbili, za mlango na za fremu. Nilipunguza ukingo wa kila mlango kwa msasa hadi kipande cha karatasi ya kawaida kikapita kwa ulegevu pande zote. Baada ya rangi mwanya ukawa sahihi. Mistari ya paneli pia niliichimba zaidi kwa mgongo wa kisu kabla ya praima, maana hiyo ikizibwa hairudi.

Nyaya zilinifurahisha sana. Usinunue waya maalumu wa modeli. Kata kipande cha kebo ya mtandao ya kompyuta. Ndani yake kuna nyaya nane, kila moja ni shaba ya unene wa nusu milimita, sawa na kebo ya milimita 12 kwenye gari halisi. Ukiiacha na ganda lake la plastiki inakaribia milimita moja, unene unaofaa kwa mabomba makubwa. Shaba tupu ipitishe kwenye moto kwa sekunde chache iwake wekundu kisha iache ipoe. Inakuwa laini, inapinda unavyotaka na haijikunjui. Wanaotumia uzi wa gitaa kwa ajili ya mabomba yenye mikunjo wanapata sura nzuri kwa siku chache, kisha uzi unajinyoosha na kung'oka na kipande. Mimi nilichukua waya mwembamba sana wa shaba kutoka kwenye koili ya mota mbovu, nikafunga ncha yake pamoja na waya wa nusu milimita kwenye drili ya mkono, nikazungusha polepole huku kidole kikiuelekeza. Unatoka na bomba lenye mikunjo iliyobanana sawasawa, na linakaa pale unapolipinda. Fanya sentimita 30 kwa mkupuo mmoja, kisha kata vipande.

Kila waya uingie kwenye shimo. Waya uliobandikwa juu ya uso unaonekana umebandikwa, hata gundi ikiwa safi. Toboa kwa biti ya nusu milimita, kina cha milimita mbili, na utoboe kabla ya rangi. Supaglu usiisogeze karibu na bodi iliyokwisha wala vioo, kwa sababu mvuke wake unatua na kuacha ukungu mweupe, na kwenye uso usio na klia ukungu huo hauna dawa. Kwa nyaya za nje nilitumia epoksi ya dakika tano, kwa vioo gundi nyeupe ya mbao.

Kuhusu taa, kwanza paka ndani ya bodi na dashibodi rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake. Plastiki ya modeli inapitisha mwanga. Bila nyeusi, gari zima litawaka kama taa ya chemli. Saa tatu za dashibodi zina mpangilio usiobadilika: nyekundu juu kwa wakati unakokwenda, kijani katikati kwa wakati uliopo, manjano chini kwa wakati ulikotoka. Kifaa chenye umbo la Y nyuma ya viti nilikipitishia nyuzi za faibaoptiki (nyuzi zinazopitisha mwanga) za nusu milimita, kila mkono wa Y na nyuzi zake, zote zikikusanyika kwenye LED (taa ndogo ya kielektroniki) moja nyeupe iliyofichwa nyuma.

Betri ya kidonge ya volti tatu, ambayo kila mtu anaipendekeza, haifai. LED nyeupe inataka takriban volti 3.2, kwa hiyo inaanza kufifia betri ikiwa bado mpya. Tumia betri tatu ndogo zinazotoa volti 4.5, zikae ndani ya kibao cha kusimamishia gari. Kwa miliampea tano, LED nyeupe inahitaji (4.5 − 3.2) ÷ 0.005, yaani omu 260. Rezista, kipande kidogo kinachopunguza mkondo, ya omu 270 inatosha. Nyekundu inayotumia volti mbili inahitaji omu 500; weka 510. Kila LED iwe na rezista yake. Ukizifunga zote sambamba kwenye rezista moja, nyekundu inanyonya mkondo karibu wote na nyeupe haiwaki.

Swali la namna ya kufikisha umeme kwenye gari bila waya kuning'inia lilinisumbua, na jibu lake lilikuwa chini ya chesisi. Gari linafungwa kwenye kibao kwa skrubu mbili za M2, yaani za kipenyo cha milimita mbili. Nilizifanya skrubu hizohizo ziwe nguzo za umeme: moja chanya, moja hasi, kila moja na nati iliyolehemiwa waya ndani ya chesisi. Ndani ya kibao kuna pete mbili za shaba zinazogusa vichwa vya skrubu. Ukikaza, gari limesimama imara na taa zinawaka. Ukitaka kulipangusa, unafungua na kulinyanyua zima. Weka alama ya rangi kwenye skrubu ya chanya kwa chini, kwa sababu LED iliyogeuzwa haiwaki na utaanza kutafuta hitilafu isiyokuwepo. Washa kila taa kabla ya kufunga bodi, kisha uziwashe tena zote baada ya kufunga upande mmoja tu, kwa sababu waya mwembamba unapenda kukatika pale pale unapobanwa kati ya bodi na sakafu.

Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, nayo ipitishe toka mbele kwenda nyuma.