Trela la boksi la kubebea kwadi: kilo kwanza, futi baadaye

Anayetafuta trela la boksi la kubebea kwadi, yaani zile pikipiki za magurudumu manne, kwa kawaida huanza na urefu: futi 12 zitatosha, au nichukue 16? Urefu ni swali la tatu. La kwanza ni kilo zinazobaki ukishatoa uzito wa trela lenyewe, na la pili ni mlango wa nyuma. Ukikosea urefu, mizigo itabanana tu. Ukikosea kilo, utapasua matairi, na gari litakusumbua kwenye mteremko wa kwanza.

Tupige hesabu. Kwadi ya kazi, ile yenye keria mbele na nyuma, huwa na kilo 300 hadi 400 ikiwa na mafuta. Ya michezo ni nyepesi, kilo 160 hadi 200. Chukua mbili za kazi zenye kilo 340 kila moja, tayari ni 680. Ongeza petroli lita 40 kwenye madumu, kama kilo 30 hivi, halafu spea tairi, jeki, sanduku la vifaa, maji, helmeti, mabuti na vikorokoro vyote ambavyo mtu hupakia kwa sababu tu nafasi ipo. Weka kilo 170. Jumla ni 850.

Sasa soma kibati cha trela. Boksi la futi 6 kwa 14 la ekseli moja, la aina inayouzwa Marekani, mara nyingi limeandikwa uzito wa juu wa pauni 2,990, yaani kilo 1,356. Likiwa tupu lina takriban kilo 700. Zinabaki 650 na ushee, nawe una 850. Kwadi zote mbili zinaingia, mlango unafungwa vizuri, na bado umezidisha kilo 200. Hiyo 2,990 nayo ina sababu yake: majimbo mengi ya huko hudai breki za trela kuanzia pauni 3,000, kwa hiyo mtengenezaji huandika namba iliyo chini kidogo ya hapo na kuuza trela bila breki. Ukizidisha uzito, unauzidisha kwenye kitu kisichojisimamisha chenyewe. Ulaya mpaka uko chini zaidi: trela lolote ambalo uzito wake wa juu unazidi kilo 750 lazima liwe na breki.

Boksi la futi 7 kwa 16 lenye ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja huandikwa kilo 3,175. Tupu lina kilo 1,000 hadi 1,100, kwa hiyo zinabaki zaidi ya 2,000. Kwa kwadi mbili za kazi mimi sioni mjadala: ekseli mbili, zenye breki. Kwa mbili za michezo, au moja ya kazi, ekseli moja inatosha, na faida yake ni kwamba unaweza kulisukuma trela kwa mikono uwanjani na una matairi mawili machache ya kununua.

Kisha geukia gari. Trela la kilo 1,050 lenye mzigo wa 850 ni kilo 1,900, na ukuta wake wa mbele unabeba upepo wote. Boksi la upana wa mita 2.1 na kimo cha mita 2.2 lina mita za mraba zaidi ya 4.6 zinazosukuma hewa. Ndiyo maana vitabu vya magari mengi vinataja, mbali na kilo, kikomo cha eneo la uso wa mbele wa trela. Gari linalovuta boti ya kilo 1,900 bila shida linaweza kuhema likivuta boksi la uzito uleule, hasa upepo ukiwa wa mbele au wa ubavuni. Pua yenye umbo la V husaidia kidogo, lakini thamani yake kubwa ni ile nafasi ya ziada ya sentimita 60 hivi ndani, panapokaa madumu na sanduku la vifaa.

Vipimo vya matangazo ni vya nje, na hapo ndipo watu hujidanganya. Boksi la futi 7 lina ndani kama mita 2.05, sakafu tupu toka ukuta hadi ukuta, kwa kuwa magurudumu yake yako nje. La futi 8 na nusu linaonekana pana zaidi, mita 2.4 ndani, lakini magurudumu yako chini ya boksi na vifuniko vyake vinaingia ndani. Kati ya kifuniko na kifuniko unabaki na mita 2.1 hivi. Kwadi ya kazi ina upana wa mita 1.2, kwa hiyo mbili ubavu kwa ubavu hazipiti hapo. Mtu analipia upana, anavuta upepo mwingi zaidi, na kwadi bado zinapangwa moja nyuma ya nyingine. Upana huo una maana kama una gari dogo la nje ya barabara lenye viti viwili, si kwadi.

Urefu sasa. Kwadi ya kazi ni mita 2.1, mbili ni 4.2. Unahitaji pia nafasi ya mikanda mbele, kati na nyuma, kiasi cha sentimita 20 kila mahali, la sivyo mikanda itakaa wima na kushikilia vibaya. Futi 16, yaani mita 4.88, zinakaa sawasawa. Futi 14 zenye pua ya V zinawezekana, ila vifaa vitapakiwa juu ya keria. Futi 12 ni za kwadi moja ya kazi na mizigo, au mbili za michezo zilizosogezwa hadi puani.

Mlango wa nyuma uwe wa rampu, si wa mabawa mawili. Mbao za kupandia zinazowekwa kando kila safari ndizo huteleza kwadi ikiwa katikati. Chukua futi ya kupimia na upime uwazi wenyewe, kwa sababu fremu ya mlango hula sentimita 10 hadi 15 za kimo cha ndani. Boksi lenye kimo cha futi 6 ndani linaweza kuwa na uwazi wa mita 1.7 tu: kwadi inapita, lakini gari dogo lenye mabomba ya kinga juu halipiti, na mtu aliyekaa kwenye kwadi lazima ainame. Uliza rampu inabeba kilo ngapi. Kumbuka kuna wakati kwadi nzima pamoja na dereva wako juu yake. Inua rampu kwa mkono mmoja. Ikikushinda, springi yake imechoka au waya umelegea. Kama kati ya ukingo wa rampu na ardhi kuna kidato kirefu, kibamba cha nyongeza chenye bawaba huondoa mgongano wa kwanza.

Mlango wa ubavuni si anasa. Ukishaingiza kwadi ya pili ukiwa umeikalia, unatokea wapi? Upande mmoja ukuta, upande mwingine ukuta, nyuma rampu unayotaka kuifunga. Mlango huo uwe mbele, upande usiopitwa na magari. Bora zaidi, funga winchi ndogo puani uvute kwadi injini ikiwa imezimwa. Injini inayonguruma ndani ya boksi hujaza kaboni monoksidi haraka kuliko watu wanavyodhani.

Chini ya sakafu ndipo trela la bei rahisi linapojulikana. Lala chini uhesabu mataruma ya chuma, yaani vyuma vinavyokatiza chini ya sakafu. Yakiwa kila sentimita 40, sawa. Yakiwa kila sentimita 60, plaiwudi itabonyea kwenye njia za matairi, kwani kwadi hukanyaga sehemu nne tu, si sakafu nzima. Plaiwudi iwe ya milimita 18 au 19. Sakafu ya vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi huvimba kingoni ikinyonya maji ya matope, na ya kwanza kuoza ni pale rampu inapokutana na sakafu. Kuta nazo, milimita 9 zinatosha. Fremu ya bomba la mraba ni ngumu kuliko ya chaneli, yaani chuma kilicho wazi upande mmoja, na tofauti huonekana baada ya barabara mbovu: skrubu za bati la nje zinaanza kulegea.

Pete za kufungia ni jambo ambalo sikubaliani nalo kabisa katika matrela mengi mapya. Pete imefungwa kwa skrubu nne kwenye plaiwudi, basi. Breki moja kali, inang'oka na kipande cha mbao. Pete lazima ipitishwe bolti hadi chini, ishike taruma, au iwe na bamba la chuma upande wa pili wa plaiwudi. Pete iliyoandikwa pauni 5,000 kwa kawaida hukatikia hapo. Kazi yake salama ni theluthi, kama kilo 750. Weka nne kwa kila kwadi, pana kidogo kuliko matairi, ili mikanda ivute mbele na nyuma kwa pembe ya kama nyuzi 45.

Mikanda iwe ya milimita 38 au 50, yenye kikazio cha meno. Usiifunge kwenye keria wala usukani. Kwadi ikiruka kwenye bonde, springi zake zinajibana, mkanda unalegea kwa nukta moja, ndoano inachomoka, na safari iliyobaki kwadi inagonga ukuta. Kuna dawa mbili. Ama funga kwenye sehemu isiyopanda na kushuka, yaani mikono ya chini ya magurudumu au magurudumu yenyewe, ama kaza hadi springi zibonyee kama theluthi ya mwendo wake. Ya kwanza ni bora, na haichoshi springi. Weka breki ya kuegesha. Kwadi yenye kabureta, funga koki ya mafuta: mtikisiko huliruhusu boya kuachia petroli, nayo hushuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha oili asubuhi, kikanuka petroli na kiwango kimepanda, usiiwashe. Mwaga oili kwanza.

Petroli hiyohiyo ndiyo sababu ya matundu ya hewa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Tundu la paa peke yake haliutoi. Yatakiwa matundu ya ukutani, moja chini na jingine juu upande wa pili, ili mwendo wa gari upitishe hewa.

Uzito juu ya tufe la kuvutia, ile mpira ya chuma nyuma ya gari inayoshika trela, uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela kwa matrela ya Kimarekani. Ya Ulaya hubeba kama nusu ya hapo, kwa sababu tufe nyingi za huko zimewekewa kikomo cha kilo 75 hadi 150. Fuata kilichoandikwa kwenye tufe na kwenye gari. Uzito ukipungua, trela huanza kuyumba kama mkia. Ukizidi, nyuma ya gari inazama na usukani unakuwa mwepesi. Kilo hizo pia zinahesabiwa kama mzigo wa gari, pamoja na abiria.

Kuupima hakuhitaji mizani ya barabarani. Ubao imara, tofali na mizani ya bafuni. Ubao ulale, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, usawa mmoja. Mkono wa trela uubonyeze ubao sentimita 30 kutoka tofali, na mizani iwe sentimita 60 mbele ya hapo. Soma, zidisha kwa tatu. Mizani ikisoma 85, una 255, ambayo kwa trela la kilo 1,900 ni asilimia 13 na kidogo. Ikitoka chini ya 190, sogeza kwadi mbele zaidi au hamisha madumu puani. Ukibeba kwadi moja tu, iweke mbele kidogo ya ekseli. Watu huiacha nyuma kwa kuwa ndiko rahisi kushushia, na hapo mkono wa trela unakaribia kunyanyuka.

Tufe za milimita 50 na za inchi 2 si kitu kimoja. Inchi 2 ni milimita 50.8. Kombe la inchi 2, yaani ile sehemu ya mkono wa trela inayofunika tufe, juu ya tufe la 50 linacheza, na kombe la 50 juu ya tufe la inchi 2 huenda lisifunge hadi mwisho.

Springi za mabamba hutengenezeka popote penye fundi wa chuma. Ekseli ya mpira ni tulivu na inashusha sakafu, ila mpira ukifa unabadilisha ekseli nzima.

Kwa trela lililotumika, anza na dari: ingia ndani, funga milango, tazama mwanga na madoa ya kahawia kwenye kona. Choma plaiwudi kwa bisibisi karibu na rampu. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela lenye miaka zaidi ya sita libadilishwe hata kama kashata zake ni nzima, kwa sababu hupasuka kwa uzee kabla ya kuisha. Inua kila gurudumu, lizungushe, litikise. Beringi ikiunguruma au kuchezacheza, hesabu grisi na beringi mpya kwenye bei. Vuta waya wa dharura, ule unaochomoka trela likiachana na gari: breki za umeme zishike magurudumu bila gari kuwashwa. Zisiposhika, betri yake ndogo imekufa, au mtu aliitoa. Ukiondoka nalo, kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 80, kisha gusa kila habu kwa nyuma ya mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Ile inayochoma ina beringi iliyokazwa mno au breki inayokwama.