Baba hakurogwa, alikosa choo

Ukiwa na mgonjwa ambaye ini limesinyaa na ameanza kuongea ovyo, utapata washauri wengi kuliko madaktari. Mimi niliambiwa baba karogwa, mara kapandwa na mashetani. Shangazi akaja na lake: asiguse nyama wala maharage, protini ndiyo sumu. Baba akakauka mpaka suruali tukawa tunaifunga kwa kamba.

Daktari ndiye aliyetunyoosha. Homa ya ini B ilishamla ini kimyakimya. Bakteria wa utumbo wakivunjavunja protini hutoa amonia. Ini zima huisafisha, lililochakaa huiachia ikapanda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana mchana alilala, usiku anasaka viatu aende kazini, na akinyoosha mikono viganja vinapigapiga. Asipopata choo, amonia huzidi. Kumnyima chakula ni kumla misuli, na misuli nayo husaidia kuiondoa.

Basi tukaanza laktulosi, dawa ya maji yenye utamu wa kukera. Bakteria wakiila hutoa asidi, amonia inanaswa itoke na choo. Anatakiwa apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Akiharisha anaishiwa maji na akili inavurugika upya. Niliichanganya na uji, akausukuma. Kwenye chai, akauliza nani kamwaga sukari ya mwezi mzima. Kilichokubali ni maji baridi na ndimu.

Ila ufundi wangu hasa ni wanyama. Kila asubuhi: "Baba, nitajie wanyama kwa dakika moja." Hata madaktari hutumia kipimo hiki, na chini ya 10 ni dalili mbaya. Baba, mwalimu mstaafu, akiwa sawa anafika hadi digidigi, nguchiro na kakakuona, na anadai kuku na jogoo wahesabiwe mbalimbali. Amonia ikipanda: "Ng'ombe... mbuzi... ng'ombe," kisha ananigombeza mimi. Hapo nafungua daftari la choo, halafu napima homa, maana maambukizi nayo huchochea. Choo cheusi ni hospitali papo hapo, hakuna kikao cha ukoo.

Vidonge vya usingizi alivyoleta jirani vilirudi naye. Rifaksimini, ya kuwapunguza bakteria, iliongezwa baadaye, ikameza hela ya mbuzi wa Idi. Na kabla ya kulala baba anakula mtindi na maharage, kwa sababu ini bovu halina akiba ya kumfikisha asubuhi.