Mzee Mngoni na Shaka wa Chang'ombe

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa wengi wetu Dodoma mjini sinema ilikuwa ni banda la video. Sisi wa Chang'ombe tulikuwa na letu: kuta za mabati, mabenchi ya mbao yenye misumari iliyochomoza, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jumamosi moja ubao wa nje uliandikwa kwa chaki: SHAKA ZULU.

Benchi la mbele alikaa fundi viatu mmoja, Mngoni wa Songea, amevaa koti lake la kanisani. Kila Henry Cele, aliyeigiza kama Shaka, mfalme wa Wazulu, alipotokea na mkuki wake mfupi, mzee aliinuka.

"Mnamwona? Huyo ndiye babu yetu!"

Tukampigia kelele akae, anatuziba. Akakaa, akainuka tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, wala hakuyafuta.

Nyuma akadakia mlinzi wa ghala, Mhehe. Watani hao, nani awazuie?

"Mtani, babu yako gani huyo? Babu yako si Zwangendaba, aliyetoka nduki kumkimbia huyohuyo? Mkavuka Zambezi, hamkugeuka nyuma mpaka Ufipa!"

Banda likaangua kicheko. Mhehe alikuwa na haki yake. Zwangendaba, aliyewaongoza Wangoni kutoka kusini, alikuwa upande wa Wandwandwe, maadui wa Shaka waliosambaratishwa naye mwaka 1819, na ile Zambezi aliivuka 1835 akiwa na watu wake na ng'ombe. Lakini mzee hakutetereka.

"Tulihama. Mtu anayekimbia anaswaga ng'ombe?"

Hapo hata Mhehe alicheka.

Toka siku hiyo wajukuu wa mzee wakajiita Wazulu, na mtaani tukawaita hivyohivyo. Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye mji wao umebeba jina lake, Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Majimaji. Huyo hakuwa na mkanda, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeinuka kwenye benchi kwa ajili yake. Nadhani hilo ndilo lililomponza, si upungufu wa ushujaa.

Tena mkanda wenyewe! Ulikuwa mfululizo wa televisheni ya serikali ya makaburu, wa mwaka 1986, na sehemu kubwa Shaka anasimuliwa na daktari wa Kizungu. Kongwa, mkoani humuhumu Dodoma, wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, waliopambana na makaburu haohao, walikuwa na kambi tangu 1964. Nasi pale tunawapigia makofi wapiga picha wa kaburu. Ila ile mikuki, jamani, ilikuwa mizuri.

Sisi Wagogo tulibaki watazamaji wa ubishi. Hatukuwa na sinema ya kugombania.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia bibi kila kitu, mpaka namna ya kushika ngao. Yeye utoto wake ulipita kwenye Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Wajerumani na kisha Waingereza kuzoa ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Alinisikiliza huku akipeta uwele.

"Na Mtunya wameionyesha?"

"Hapana, bibi. Hiyo ni ya Wazulu."

"Sasa jeshi lote hilo lilikuwa linakula nini?"

Nikasema hawakuonyesha sana. Akasema basi wametupunja hela zetu, na akanituma dukani nikanunue mafuta ya taa.