Duara la saa moja ya redio
Leo nimeketi kwenye kikao cha kupanga vipindi vya redio. Nimetoka nikiwa na furaha kweli!

Meneja wa vipindi alichora duara kama uso wa saa, kuonyesha nini kinakwenda hewani dakika zipi ndani ya saa moja. Juu kabisa taarifa ya habari, kisha muziki, matangazo ya biashara, jingo la stesheni (kile kibwagizo kifupi kinachoitambulisha), na kionjo cha kipindi kijacho.

Ila mjadala mkali ulikuwa juu ya sentensi moja tu, ile ya kabla ya matangazo.

Wenzangu kikaoni walisema "Tunarudi punde" haitoshi. Mtangazaji ataje hasa kinachokuja, la sivyo msikilizaji anahama. Na asubuhi, wakati wasikilizaji ndio wengi, ukimpoteza kumrudisha ni kazi.

Nakubaliana nao kabisa.

Wewe huwa unabaki stesheni moja kwa sababu gani? Mtangazaji, muziki au habari?