Wifi ana mdomo

Binti yangu anasomea udaktari Mbarara, na mtihani ukikaribia hunisomea daftari lake kwa simu, mimi nikijifanya naelewa. Jana ilikuwa zamu ya seli T, askari wa kinga ya mwili. Kipokezi chake hakitambui mdudu mzima, ila kipande cha protini ya mdudu kilichobebwa na molekuli ya HLA juu ya seli nyingine. "Sasa Baba, kikishatambua hakiwezi kusema. Mkia wake wa ndani ni mfupi mno. Anayepeleka habari ni protini jirani yake, CD3: kimeng'enya kiitwacho Lck kinambandika fosfeti, kingine, ZAP-70, kinadaka hapo, mwishowe kalsiamu inamwagika na seli inaamka."

Nikamkumbuka Mama, na kikohozi cha Baba Mkubwa kule Bombo.

Mama alimuuguza babake hadi kaburini, kwa hiyo kikohozi kile alikijua tangu siku za mwanzo. Lakini mke wa mdogo mtu atamwambiaje shemeji yake, mwanajeshi mzima, kuwa ana TB? Akawa anatenga kikombe chake tu (kumbe ugonjwa wenyewe hupita hewani). Shangazi akaja Idi, akasikia mara moja, akapaza sauti mbele ya wageni. Kabla wiki haijaisha tulikuwa hospitali, watoto wote.

Musawo, yaani daktari kwa Kiganda, alinichoma tyuberkulini, dawa ya kupimia TB, ndani ya ngozi ya kigasha, 0.1 ml. Tuliporudi kusomewa, wekundu hakuutazama kabisa. Alishika kalamu ya wino, akaivuta polepole juu ya ngozi kuelekea kwenye uvimbe mpaka ikakwama. Akaacha alama. Akaanzia upande wa pili, ikakwama tena. Ule ukingo mgumu niliuhisi kabla sijauona. Akalaza rula kukingama mkono: milimita 14.

"Seli zako zinamjua huyu mdudu wa TB," akasema. "Zimeshakutana naye."

Mama akauliza: ni wa shemeji, au ni ile chanjo ya TB ya utotoni, BCG? Musawo akasema kipimo hiki hakiwezi kutenganisha. Picha ya kifua ikatoka safi, na swali likabaki hapo hapo.

Baba Mkubwa alimeza dawa zake, akapona, akaishi miaka mingi akisimulia jinsi Shangazi alivyomwokoa. Mama akiwa karibu huitikia, "Kweli, wifi ana mdomo." Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.