Mkataba Wangu na Mkataba Wake

Shule za kimataifa hupenda kuajiri mume na mke ambao wote wawili ni walimu, na sababu yake haihusiani hata kidogo na mapenzi. Mwalimu wa kigeni katika shule hizo kwa kawaida hupewa makazi, tiketi ya ndege ya kila mwaka, bima ya afya na nafasi ya masomo kwa mtoto wake bila ada, kwa hiyo mwajiri anayepata walimu wawili wanaokaa nyumba moja amefanya biashara nzuri. Tena wanandoa hawaondoki ovyo katikati ya muhula, kwa kuwa kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake. Hayo nilielezwa mwanzoni mwa mwaka 2019 na mwalimu tuliyewahi kufanya kazi pamoja, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha katika shule moja ya aina hiyo huko Masaki. Tulikutana msibani Chang'ombe, naye akaninong'oneza, huku tumekaa mkekani, kwamba kuna shule Maskati, nchini Oman, inayotafuta mwalimu wa kemia kwa mwaka wa masomo utakaoanza mwishoni mwa Agosti, na kwamba haikuweka lile sharti linalotukwaza wengi wetu, la kumtaka mwombaji awe na pasipoti ya Uingereza, Marekani au Australia.

Nilikuwa mwalimu wa serikali katika sekondari moja ya Temeke. Mume wangu alifundisha jiografia katika shule ya binafsi upande wa Mbagala, ambako mshahara ulikuja ulipojisikia kuja. Tulikuwa tumesoma pamoja pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 2005, tukahitimu mwaka 2008 na kuoana mwaka uliofuata, na tangu siku za chuo tumezoea kuitana "Mwalimu" hata tunapogombana. Nilipomweleza habari ya Maskati alisema jambo moja tu: "Tuombe wote wawili, Mwalimu. Wakitukataa, watukatae pamoja."

Wakajibu. Wakataka kuzungumza nasi kwa video siku ya Jumapili, kwa sababu wiki ya kazi ya Oman huanza siku hiyo na mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, na wakanitaka niandae somo la dakika 10 linalohusu vitendo. Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Darasani kwangu wanafunzi walikuwa karibu 90, bureti zilikuwa za kugombania, na kiashirio cha dukani, ile dawa inayoonyesha asidi au besi kwa kubadilika rangi, kilipokwisha hakikurudi hadi bajeti ikubali, hivyo kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha asidi na besi kwa rosela. Niliamua kuwafundisha hao wa Maskati vilevile. Nilichemsha maua yake makavu niliyonunua sokoni Tandika, nikachuja, nikapanga bilauri tatu mezani: moja ina maji ya ndimu, ya pili maji matupu, ya tatu maji ya majivu ya mkaa niliyoyachuja kwa kitambaa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo hata saa nane mchana palikuwa na kiza. Nilipomimina rosela kwenye bilauri ya kwanza, mkuu wa shule, Mwingereza mwenye sauti ya upole, alisema kwamba anaona vitu vyeusi vitatu. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kando akisubiri zamu yake ya kuhojiwa, aliinuka bila kuambiwa, akawasha tochi ya simu, akapiga magoti nyuma ya meza na kuielekeza bilauri kutoka nyuma. Rangi zikajitokeza mara moja: ndimu ikawa nyekundu ya kung'aa, maji matupu yakabaki na wekundu wa damu ya mzee, na yale ya majivu yakageuka kijani. Nikasikia upande wa pili mtu akivuta pumzi. Nilieleza kwamba rangi ya ua hilo hubadilika umbo lake kulingana na hali ya asidi au besi iliyomo, kisha nikaongeza ndimu tone kwa tone katika ile ya kijani hadi ikarudi kuwa nyekundu, na muda wote huo mume wangu alihamisha tochi akifuata mkono wangu, kana kwamba tulikuwa tumefanya mazoezi wiki nzima. Hatukuwa tumefanya.

"Una msaidizi hodari sana," alisema mkuu wa shule, tukacheka wote. Kisha wakamhoji mume wangu kwa muda mfupi kuhusu ramani na mafuriko ya bonde la Msimbazi, akajibu vizuri, nao wakashukuru.

Mikataba ilifika kwa barua pepe baada ya siku chache, mafaili mawili tofauti. Wangu ulikuwa wa miaka miwili, mwalimu wa kemia kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani ya Cambridge. Wake ulikuwa wa miaka miwili vilevile, msaidizi wa maabara, kwa mshahara usiofika nusu ya wangu. Maabara yenyewe ilikuwa ileile nitakayofundishia. Aliusoma kwenye simu amesimama mlangoni, akaurudia kutoka mwanzo, halafu akaniuliza kama kuna maji ya kuoga.

Nimekwisha kuisikia hadithi hii ikisimuliwa na watu wengine wa familia yetu, na kila mara yule Mzungu hugeuzwa kuwa mtu wa dharau. Sidhani kwamba alitaka kumdharau mtu. Alikuwa na pengo moja la mwalimu, nyumba moja na kifungu cha fedha cha msaidizi, akaona mbele yake mwanamume aliyepiga magoti na kushika taa kwa utulivu, akaoanisha. Kilichonikera mimi ni kwamba kule kuinuka bila kuambiwa, ambako katika ndoa yetu ndiko nilikokuthamini kuliko mengi, kulikuwa kumewekewa bei.

Palikuwa pia na kifungu ambacho mimi ndiye niliyekiona, kwa kuwa yeye alikomea kwenye cheo na mshahara. Kilisema kwamba iwapo mmoja wetu ataacha kazi kabla ya miaka miwili kwisha, haki ya nyumba na tiketi itakoma kwa wote wawili. Maana yake, kama angefika kule akashindwa kuosha mirija ya majaribio ya mkewe, na mimi ningerudi. Nami sikuwa na mahali pa kurudi, kwa kuwa ajira ya serikali ukiiacha haikusubiri. Mfuko wa PSSSF, wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, hutaka michango ya miezi 180 ndipo mwanachama apate pensheni ya kila mwezi, na mimi nilikuwa bado sijaifikia. Nilishauriwa niombe likizo bila malipo, lakini majibu ya ombi la namna hiyo hayana haraka, ilhali Maskati walitaka saini ndani ya wiki mbili. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu nayo, iliyokuwa ikikata asilimia 15 ya mshahara wangu, isingenisahau kwa sababu nimevuka bahari.

Habari haikukaa ndani. Baba mkubwa wa mume wangu aliitisha kikao nyumbani kwa mama mkwe, Mbagala Kizuiani, baada ya swala ya alasiri, nasi tukaenda na binti yetu aliyekuwa darasa la pili. Mzee alianza mbali. Alikumbusha kwamba watu wa Unguja wanapokwenda Maskati huwa wanakwenda kwa ndugu zao, waliohamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, hata leo mtu anaweza kuagiza nyama katika mitaa fulani ya mji huo kwa Kiswahili. "Ninyi mna nani kule?" aliuliza, kisha akafika alikokuwa akienda. "Na wewe mwanangu, una digrii. Unakwenda ugenini kumbebea mkeo chupa? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu si hata nduguyo, ni mkeo."

Mume wangu aliinamisha kichwa, kwani mbele ya baba mkubwa hakuwahi kujibu. Mimi ndiyo kabisa, mkamwana hana sauti katika kikao cha namna ile, ingawa ulimi ulikuwa ukinicheza. Mama mkwe alikuwa akimenya mihogo ya futari ya Alhamisi, maana alikuwa na mazoea ya kufunga sunna, akaweka kisu chini.

"Shemeji," alisema, "ulipopata kazi bandarini Tanga, mkeo alikuwa na duka lake hapa hapa, anauza mafuta ya taa na sabuni, na lilikuwa likiwalisha. Alilifunga akakufuata. Kule Tanga alikuwa nani? Hakuwa mtu. Mbona sikumbuki kuitwa kwenye kikao?"

Mzee alisema hayo ni mambo mengine. Mama mkwe akasema huenda, akachukua tena kisu. Kikao hakikufungwa rasmi. Kililegea tu, chai ikaletwa, na kabla ya magharibi baba mkubwa alikuwa akimweleza binti yetu jinsi meli inavyofungwa gatini.

Njiani kurudi, ndani ya daladala, mume wangu aliniambia kwamba Mama amemtetea kwa hoja isiyomsaidia. Kama kumfuata mwenzi kulimfanya mama mkubwa asiwe mtu kule Tanga, alisema, basi yeye ameonyeshwa tu namna anavyokwenda kuwa. Sikuwa na jibu, na hadi leo naona alikuwa na haki. Usiku huo aliomba kompyuta ya kuazima na kuandika barua kwa Maskati, bila kunionyesha hadi alipomaliza. Haikuwa na malalamiko. Alieleza kwamba yuko tayari kufanya kazi ya maabara, lakini anaomba mambo matatu: cheo chake kiandikwe mwalimu wa kujazia vipindi na msaidizi wa maabara, si msaidizi peke yake; nafasi ya jiografia ikifunguka yeye afikiriwe kwanza; na kile kifungu cha kutufunga pamoja kiondolewe, ili kila mmoja asimame kwa mkataba wake. Mshahara hakuugusa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba mshahara wa watu wawili unaingia chungu kimoja, lakini jina la mtu haliingii chunguni.

Walikubali mawili ya kwanza. La tatu walilikubali nusu: tiketi ya kurudi kila mtu angekuwa na yake, bali nyumba ilibaki vilevile, yaani ya wote au si ya yeyote. Alisoma jibu hilo mezani, akasema, "Hapa tunaweza kutia saini," nami ndipo nilipoandika barua yangu ya kuacha kazi.

Ya makaratasi nitayapita haraka, kwa kuwa kila aliyewahi kwenda ugenini kikazi anayajua. Wakati ule Tanzania haikuwamo katika mkataba wa Hague wa 1961 unaofupisha uthibitishaji wa hati, hivyo kila cheti kilitakiwa kupata mhuri baada ya mhuri, hadi kuishia ubalozini. Alama za vidole polisi, vyeti vya kuzaliwa RITA, kadi za chanjo. Kwenye cheti chetu cha ndoa jina langu lilikuwa limepungua herufi moja kulinganisha na pasipoti, nikala kiapo mbele ya wakili kwamba mwanamke aliyeolewa Temeke mwaka 2009 na mwanamke anayekwenda Maskati ni mtu mmoja.

Mikataba tuliitia saini Tandika, katika stesheneri iliyo jirani na kituo cha daladala, kwa kuwa ilitakiwa ichapishwe, isainiwe kila ukurasa, kisha iskaniwe na kurudishwa kwa barua pepe. Kijana wa pale alikuwa amewahi kusoma shuleni kwangu, na aliponiona aliniamkia kwa adabu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukasaini, mimi kurasa zangu na mume wangu zake, magoti yakiwa ndiyo meza. Kijana alipoanza kuskani, macho yake yalitua kwenye ukurasa wa mshahara.

"Mwalimu, samahani. Hizi ni rial?"

"Ni rial."

Alichukua simu akatafuta. Rial moja ilikuwa takriban shilingi 6,000. Akapiga hesabu, akaitazama simu, akaigeuza kwa mume wangu kama vile ana wasiwasi kwamba yeye hajaarifiwa.

"Shikamoo tena, Mwalimu," aliniambia.

Mume wangu alicheka hadi akalazimika kusimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mikataba ifike. Kijana naye akacheka, kisha akauliza kama azitume zote ndani ya faili moja, maana ingekuwa nafuu.

"Hapana," mume wangu alisema, akiwa bado anajifuta macho. "Kila mtu faili lake."

Akatutoza shilingi 500 kwa kila faili.